Anayeshuka Humpisha Anayepanda

Hapo zamani, katika nchi ya Wadachi, yaani Wajerumani, mbali na bahari na mbali zaidi na jua, palikuwa na mji mdogo ulioitwa Steinlaub. Mto wa nchi ile ulikuwa na haraka ya kwenda zake, lakini ulipofika Steinlaub ulikutana na mlima, ukakunja kiwiko, ukauzunguka, ndipo ukaendelea na safari. Na mji ukakaa ndani ya kiwiko hicho, mto mbele na mlima nyuma, nyumba zimeegemeana kama walevi warudio kwao.

Jua la huko halipandi utosini kama la kwetu. Hupita pembeni, upande wa kusini, tena kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuombwa kitu. Basi ni ule ubavu wa mlima uliotazama kusini tu ndio uliopata joto la kuivisha zabibu. Ng'ambo ya mto kulikuwa na ubavu mwingine, wa kivuli, nao haukuzaa kitu ila kuvu na mafua. Watu wa Steinlaub waliishi kwa zabibu. Walizikamua, wakazitia mapipani, wakauza mvinyo na mwingine wakaunywa wenyewe. Msimulizi hana neno juu ya kinywaji hicho; kila watu na mila zao, na mwacha mila ni mtumwa.

Mlima wenyewe ulikuwa mwamba mweusi unaobanduka vipande vipande, umesimama wima hata mbuzi aliupanda baada ya kufikiri. Wazee wa kale walijenga kuta fupi za mawe, ukuta juu ya ukuta, na nyuma ya kila ukuta wakatia udongo, na ndani ya udongo wakapanda mizabibu. Kila mwaka mvua ilinyesha, ikaushusha udongo ule mpaka kwenye shimo kubwa lililokuwa chini, kando ya mto. Na kila majira ya baridi, mavuno yakiisha, watu waliuzoa, wakautia makapuni, wakaubeba migongoni, wakaurudisha juu. Mwaka wa pili mvua ikaushusha tena, nao wakaupandisha tena. Wala hapakuwa na mtu aliyeona ajabu.

Ikawa katika mji ule kuna desturi moja iliyozishinda sheria zote, nayo ni hii: anayeshuka humpisha anayepanda. Kwa maana njia ya mlimani ni nyembamba, na anayeshuka ana kapu tupu, lakini anayepanda na mzigo akisimama, kuanza tena ni kazi. Padri akishuka alimpisha mlevi anayepanda. Mke aliyegombana na mumewe alimpisha kwanza, kisha akaendelea na ugomvi pale alipouachia.

Basi katika mji huo alikuwako mtu jina lake Veit, fukara hohehahe. Mali yake yote ilikuwa kapu la mgongoni, koti lililokuwa la marehemu fulani, na mzabibu mmoja. Mzabibu huo aliupanda mamaye siku chache baada ya kumzaa, katika kona ya ukuta wa kwanza, mahali pasipotakiwa na mtu kwa kuwa jua lilifika pale limekwisha kuchoka. Kila mwaka ulimpa mtungi mmoja wa mvinyo mchachu wa kukunja uso. Veit aliunywa siku ya kumbukumbu ya mamaye, peke yake, akiusifu kwa sauti.

Alipata riziki kwa kuwabebea watu udongo, na watu walimwita mpumbavu kwa sababu alilichukua kila neno kama lilivyo. Siku moja Mama Apollonia, mwenye nyumba ya mvinyo, alimwambia, "Veit, kalia kifuniko cha pipa hili mpaka nirudi, kisije kikafumuka." Kisha akaenda harusini kijiji cha pili, akacheza, akasahau, akalala huko. Aliporudi kesho yake alimkuta Veit juu ya pipa, amesinzia ameketi.

"Ee Veit, mbona hukwenda kwako?"

"Hukurudi, mama."

Tangu siku hiyo Mama Apollonia alimpa supu kila jioni, nusu kwa huruma na nusu kwa haya.

Sasa, mtawala wa nchi ile aliitwa Grafu, yaani sultani mdogo aliye chini ya sultani mkubwa. Grafu mzee alikufa, na kwa kuwa hakuacha mtoto, kiti kikamwangukia mpwawe, Eberwin, kijana wa makamo aliyelelewa katika majumba ya wakuu, ambako viatu ni vyeupe na udongo hukaa nje. Grafu Eberwin alifika majira ya baridi. Hata masanduku yake hayajafunguliwa, alitaka kuona alichorithi. Akapanda farasi, akauzunguka mlima kwa nyuma mpaka kileleni, kisha akamwachia mtumishi farasi, akaanza kushuka kwa miguu kwa ile njia nyembamba, huku akiangalia huku na huku kwa macho ya mwenye mali.

Katikati ya njia akakutana na Veit anapanda, kapu limejaa, ameinama hata pua yakaribia magoti. Grafu akasimama akangoja apishwe. Veit naye akaendelea kupanda, hakuinua uso, kwa kuwa aliyajua mawe ya njia ile kuliko nyuso za watu. Ikawa walipokaribiana kabisa, Grafu aliona kwamba ama apishe ama apigwe na kapu. Akaruka pembeni, akateleza, akaketi topeni.

"Ewe mpumbavu!" alipiga kelele. "Wanijua mimi ni nani?"

"Sikujui, Bwana," alisema Veit, bado anapanda. "Lakini nakuona unashuka."

"Simama! Umebeba nini?"

"Mlima, Bwana."

"Mlima! Waupeleka wapi?"

"Mahali pake."

Grafu aliinuka, suruali yake nyeupe imepata rangi mbili, akamwambia, "Sikia, mlima huu ni wangu. Aliouacha mjomba wangu ni wangu."

Veit akafikiri, huku mzigo umemlemea. "Basi, Bwana," akasema, "labda unisaidie kusukuma."

Hilo ndilo lililoleta balaa. Grafu alirudi ngomeni kwake akiwa na ghadhabu, na ghadhabu ya mtu aliyeketi topeni mbele ya fukara ni mbaya kuliko ya aliyeibiwa. Kesho yake akapiga mbiu, watu wote wakutane uani mwa ngome. Wakaja, wamejifunga mablanketi, theluji inawaangukia mabegani. Grafu akaketi juu ya kiti cha mjombake, padri kuume kwake, na upanga wa mababu magotini.

Akasema, "Enyi watu wa Steinlaub, nimeona mnaingia na kutoka katika mlima wangu kama jikoni kwa mama zenu. Nani aliyewapa?"

Mkuu wa mji, mzee Kunz, mtu mpole aliyezoea kuzungumza na watu kwa kuwakwepa, alipiga hatua mbele, akavua kofia. "Bwana wetu, Mungu akupe umri mrefu. Mlima ule tunautumia tangu wazazi wa wazazi wetu. Fungu la kumi la mvinyo twalileta ngomeni kila mwaka, na mjombako, Mungu amrehemu, hakupata kulalamika ila lilipochelewa."

"Sikuuliza mvinyo. Nimeuliza mlima. Mlima uliumbwa na Mwenyezi Mungu, na Mwenyezi Mungu aliwapa mababu zangu. Shahidi wenu kwamba ni wenu ni nani?"

Watu wakatazamana. Kunz akageuza kofia yake mikononi, kisha, kwa kukosa la kusema, akasema la kweli. "Bwana, shahidi wetu ni migongo yetu. Sisi ndio tuliobeba."

Grafu akacheka, na wale waliokuja naye kutoka katika majumba ya wakuu wakacheka pamoja naye, maana ndiyo kazi waliyokuja kuifanya.

"Vema," akasema Grafu. "Migongo na iwe kadhi. Naapa kwa upanga huu, mbele ya padri na mbele yenu nyote: kila mlichokipandisha mlimani kwa migongo yenu ni chenu. Kichukueni. Na kilichobaki, alichokiweka Mungu, ni changu. Nawapa muda mpaka sikukuu ya mishumaa, kabla baridi haijaisha. Na atakayeacha kitu chake huko baada ya siku hiyo, amekipoteza."

Yeye alidhani watateremsha majembe yao na fito zao za kushikizia mizabibu, na pengine ngazi mbili tatu. Ulimi hauna mfupa, nao wa mtawala una mfupa mchache zaidi.

Watu wakarudi mjini wakilia. Msidhani walililia kinywaji. Upande wa pili wa mto ni kivuli, bondeni ni mafuriko, na mlima ule ndio uliolisha watoto, ulioozesha mabinti na kuzika wazee. Jioni ile nyumba ya Mama Apollonia ilijaa, na hapakuwa na aliyeagiza kitu. Wengine walisema wahame. Wengine walisema waende kwa sultani mkubwa, lakini hakuna aliyejua anakoishi. Veit alikuwa pembeni na bakuli lake la supu, akainua kijiko.

"Bwana alisema kila kitu?"

"Kula supu yako, Veit," alisema Kunz.

"Nauliza tu. Alisema kila tulichokipandisha. Mimi nabeba tangu sijaota ndevu. Nadhani muda alionipa hautanitosha."

Wakacheka kwa uchungu, kisha wakamsahau. Lakini Veit alimaliza supu, akapangusa bakuli kwa mkate, akaenda kulala mapema.

Asubuhi watu wakamwona anapanda mlima na kapu tupu, kisha anashuka na kapu limejaa. Jambo hilo halikupata kuonekana Steinlaub. Akina mama wakachungulia madirishani. Veit akafika chini, akavuka daraja, akaumwaga udongo ng'ambo, kwenye kivuli, akageuka, akarudi kupanda.

Kunz akamkimbilia. "Veit! Umepatwa na nini? Wafanya nini?"

"Namtii Bwana. Huu udongo wa kona ya mama yangu, niliupandisha mimi. Kabla yangu aliupandisha mama. Grafu amesema tuchukue chetu."

Mzee Kunz akageuka. Akautazama mlima, ukuta baada ya ukuta, mpaka juu. Akaketi juu ya jiwe.

"Mungu wangu," akasema. "Ni wote."

"Wote, mzee. Na hayo mawe ya kuta. Na mizabibu, hakuna mzabibu uliopanda wenyewe."

"Lakini Veit, tukiushusha, na yeye asipotukataza?"

"Atakuwa na mwamba wake kama alivyosema, na sisi udongo wetu kama alivyosema."

"Na kule kivulini zabibu zitaiva?"

"Haziivi," alisema Veit. "Hilo mimi mpumbavu nalijua pia."

Hapo Kunz akaelewa kwamba mtu huyu hafanyi mchezo. Akaenda akawaambia wenzake, nao wakaogopa. Kutishia kuubomoa mlima ni jambo moja, na kutia jembe katika udongo uliobebwa na babako ni jambo jingine. Kila mmoja akamtazama mwenzake aanze. Siku zikapita, na aliyekuwa akibeba ni Veit peke yake. Akaumaliza udongo wa kona yake, mizizi ya mzabibu wa mamaye ikabaki wazi, imeng'ang'ania mwamba.

Akapiga magoti. Aliishika ile mizizi kwa vidole, mmoja mmoja, akaibandua polepole, akaufunga mzabibu kwa gunia lililoloweshwa maji. Mti uliozeeka haupendi kuhama, kila mtu Steinlaub alijua, na Veit alijua zaidi. Alikata kijiti kimoja katika shina lake, akakitia ndani ya koti. Kisha akaubeba mzabibu mgongoni, akashuka nao, na machozi yalimtoka wazi mbele ya watu, wala hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Mama Apollonia alikuwa mlangoni kwake. Alipomwona akipita na ule mzabibu, aliingia ndani, akavua aproni, akatoka na kapu la marehemu mumewe. "Nilimkalisha mtu huyu juu ya pipa usiku kucha," akawaambia wanaume waliosimama pale, "na sasa nyinyi mwataka abebe mji mzima?"

Wakashikwa na haya. Kabla ya adhuhuri mlima ulijaa watu, wote wakishuka na mizigo, na kwa kuwa hakuna aliyepanda na mzigo, desturi ya kupishana ikawatatiza sana, wakasukumana njiani wakiombana radhi.

Grafu Eberwin alikuwa na dirisha lililotazama mlima. Siku ya kwanza aliona watu wengi, akafurahi: wanaondoa takataka zao. Siku iliyofuata aliona kama pamebanduka kipande, cheusi, kinachong'aa kwa maji. Akauliza, akaambiwa ni kivuli cha wingu. Baadaye kivuli kilipanuka na mawingu hayakuwapo. Mlima ulianza kuota kipara kuanzia chini kupanda juu, na palipong'olewa kuta mawe yalianza kuporomoka yenyewe mpaka njia ya ngome. Mpishi alikuja kusema kuwa maji ya mlimani, ambayo zamani yaliishia katika udongo, sasa yanaingia ghalani na kuku wanaogelea.

Akatoka mbio, hata bila kofia, watumishi nyuma yake, akafika chini ya mlima.

"Acheni!" akapaza sauti. "Wezi nyie! Mwaiba udongo wangu!"

Watu wakasimama. Mzee Kunz akatafuta la kukwepea, akakosa. Veit akatua kapu lake.

"Bwana wangu," akasema, "tumekosa nini? Tunafanya haraka kadiri tuwezavyo. Sikukuu ya mishumaa imekaribia."

"Niliwaambia mchukue mlichopandisha kwa migongo!"

"Ndicho hiki, Bwana."

"Udongo ni wa Mungu! Ndiye aliyeuweka!"

"Ni kweli, Bwana, ndiye aliyeuweka," alisema Veit, akaelekeza kidole kwenye lile shimo kando ya mto. "Aliuweka pale chini. Kila mwaka anatuma mvua kuurudisha alipouweka. Huko juu tunauweka sisi."

Grafu akamtazama padri, kwa kuwa padri naye alikuwapo, tena na kapu. Padri akainamisha kichwa, akasema kwa unyonge kwamba yeye amekaa Steinlaub miaka mingi na kwa kweli hajapata kuuona udongo ukipanda wenyewe.

Grafu aliutazama mwamba mtupu, akakumbuka upanga, kiapo na mashahidi. Mtawala anayevunja kiapo mwaka wake wa kwanza, mwaka wa pili hata mbwa wake hawamtii.

"Rudisheni," akasema, sauti imeshuka. "Rudisheni kama ulivyokuwa."

Hapo Kunz akapata nguvu, maana sasa alijua alipo. "Twaweza, Bwana wetu. Lakini tukiurudisha kwa migongo yetu, utakuwa wa nani?"

Grafu akauma midomo. "Basi watumishi wangu watabeba."

"Wabebe, Bwana," alisema Veit. "Kila watakachopandisha kwa migongo yao ni chao, ndivyo ulivyoapa."

Watumishi wa Grafu wakatazamana. Mchunga farasi mmoja aliuliza kwa heshima kama kapu laweza kuazimwa.

"Kimya!" alisema Grafu. Akavua joho lake, akalitupa juu ya ukuta. "Lete hilo kapu lako, mpumbavu. Mlima ukitaka mgongo, na mimi ninao."

Hakuna aliyecheka. Veit alimjazia kapu, si kwa uonevu, bali kama anavyojijazia mwenyewe, akamvalisha kamba mabegani, akamwambia, "Bwana, usiangalie juu. Angalia mawe." Na Grafu akaanza kupanda.

Hatua za kwanza alikwenda kwa hasira, na hasira ni farasi mzuri lakini haendi mbali. Kisha miguu ikaanza kumtetemeka. Kapu lile lilikuwa la zamani, na udongo ukawa unachuruzika pembeni, na kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Pasipo hivyo angeanguka kabla ya kona. Viatu vyake vya majumba ya wakuu viliteleza. Akaenda kwa mikono na magoti, pua yakaribia mawe, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi yalivyolika katikati, yamechimbika kwa nyayo za watu.

Veit alikuwa ametangulia kwa njia ya mbuzi kwenda kuchukua jembe lake alilolisahau, na sasa alikuwa akishuka kwa njia kuu. Wakakutana mahali penye wembamba. Grafu hakuinua uso. Hakuwa na uso wa kuinua. Veit akajibanza ukutani, akavua kofia yake, akampisha.

Mji mzima uliona jambo hilo kutoka chini, na Mama Apollonia akasema, "Ee, basi ni mtu."

Grafu alifika kwenye kona ya ukuta wa kwanza, ambako pana upenyo, akashindwa kuendelea. Akamimina udongo wake pale, kisha akaketi juu yake. Alikaa mpaka pumzi zikamrudi. Akatazama juu, kuta juu ya kuta.

"Yote?" akauliza.

"Yote, Bwana," alisema Veit, aliyerudi akasimama kando.

"Tangu lini?"

"Wasema wazee kwamba Warumi walikuja, wakapanda mizabibu, wakaondoka. Wakaja watawa, wakachimba ghala la mapipa, wakaondoka. Wakaja askari, wakachoma lango, wakaondoka. Mvua haikuondoka, Bwana. Basi na sisi tukabaki."

Grafu akainamisha kichwa. Kisha akaanza kucheka, kidogo kidogo, kicheko cha mtu anayejicheka, na mara hii wale wa majumba ya wakuu hawakujua kama inawapasa kumfuata. Akashuka, na alipofika chini alisema mbele ya wote, "Kiapo changu ni kile kile. Kila mlichokipandisha ni chenu, na mkirudisha kitakuwa chenu. Mimi ninalo kapu moja pale juu. Asiliguse mtu. Na wewe, ewe mwenye kapu, mpanda ngazi hushuka, nami nimeshuka. Omba utakacho."

Veit akafikiri. "Kapu langu, Bwana. Bado umelivaa."

Watu wakaurudisha mlima, na kazi ile iliwachukua majira yote ya baridi yaliyosalia, na mavuno ya mwaka uliofuata yalikuwa hafifu, na hapakuwa na aliyelalamika kwa sauti kubwa. Mzabibu wa mamaye Veit ulirudishwa nao pahali pake, ukamwagiliwa, ukaombewa hata na padri, lakini masika ilipofika haukuchipua. Veit alikaa kando yake siku nzima. Kisha akatoa kile kijiti cha kotini alichokuwa amekihifadhi mchangani, akatafuta udongo mzuri wa kukipanda, na katika kona ile udongo mzuri ulikuwa mmoja tu, ule wa Grafu.

Kijiti kikashika, kikawa mzabibu, na mwaka ulipozaa mtungi wa kwanza ukazuka ugomvi wa kisheria: udongo ni wa Grafu, alioupandisha kwa mgongo wake, na mzabibu ni wa Veit, ambao kijiti chake alikipandisha mwenyewe. Wakaletwa mbele ya Kunz. Mzee Kunz alikwepa huku na huku mpaka mwisho akaamua kwamba wanywe pamoja, siku ya kumbukumbu ya mamaye Veit, wameketi ukutani.

Grafu akaja. Veit akammiminia. Grafu akanywa funda moja, na uso wake wote ukakusanyika katikati.

"Veit, huu ni mchachu."

"Sana, Bwana."

"Na kila mwaka wausifu?"

"Aliupanda mama."

Grafu akautazama mtungi. Akanywa funda la pili, akameza kwa taabu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni, "Mvinyo mwema huu. Mwema sana."

Na tangu hapo kila majira ya baridi, mvua ikisha kulishusha lile kapu lake moja, Grafu Eberwin alikuja kulipandisha mwenyewe, na kila aliyekuwa akishuka alimpisha.

Hekaya imefika bondeni. Atakaye kuipandisha tena, kapu hili hapa.